Kitambaa cha Watu wa Barafu

Robota lilikatwa waya saa moja asubuhi, Mlango Mmoja,
likapumua kama mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya pilau,
na juu kabisa, badala ya magauni tuliyoahidiwa,
zikamwagika jezi.

Si za mpira. Za mpira nazijua.
Hizi mabega mapana kama mlango wa ghala la pamba,
mikono imeshuka hadi ncha za vidole,
shingoni kamba, kama kiatu.
Mama Kashindye akasonya: "Nani atavaa hema?"
Nikabeba kumi na mbili kwa bei ya kutupa.

Mimi ni fundi. Kitambaa nakisoma kwa kidole gumba.
Poliesta, nzito, imefumwa kwa vitundu
vidogo kuliko vya wavu wa dagaa.
Nikakimwagia maji: yakashuka, hayakukaa.
Nikakigusisha pasi: kikajikunja, kikanuka ndoo iliyoungua,
kikaniachia kovu jeusi la kujifunzia.
Kiwikoni kimerudiwa mara mbili.
Nikajua, avaaye hiki huanguka,
na huangukia palepale.

Sindano yangu ikaruka mishono.
Nikaazima ya ncha butu kwa Nsulwa, mshona sidiria,
ile isiyotoboa uzi bali huusogeza kando,
kama mwenye adabu apitavyo katikati ya waliokaa msibani.

Kisha ndani, mgongoni, chini, nikakuta mkanda
umekazwa kwa mshono wa msalaba, na vifungo viwili vya chuma.
Wa nini? Si wa kutundikia. Si pambo.
Nikaupelekea mkasi.

"Usikate," akasema Lushinge.

Lushinge hupakia barafu Mwaloni.
Usiku wa manane, lori la sangara likinguruma,
hulikumbatia bonge kama anayemtoa mgonjwa kitandani,
shati hupanda, mgongo hubaki wazi,
baridi inamwingia hadi kwenye figo.
Miaka tisa sasa.
Akaupitisha mkanda kwenye mshipi wa suruali, akabana.
Akainama. Akainuka. Akanyoosha mikono darini.
Jezi haikupanda.
"Aliyeshona hii," akasema, "ananijua."

Kijana wa duka la simu ndiye aliyetuambia:
kuna nchi ziwa huganda, watu hulikanyaga kwa visu miguuni,
wakikimbiza kidude cheusi kwa fimbo,
na wakikasirikiana huvutana jezi hadi kichwani,
ndiyo kazi ya mkanda.
Lushinge alicheka mpaka akashikilia cherehani.
Barafu, mchezo!
Halafu akanyamaza, akalitazama ziwa letu
likipiga mawe kule Kapripointi,
kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kukubali bei.

Nikampunguzia mikono inchi nne.
Nilipogeuza kola nikakuta kitambulisho cha jina,
kimeshonwa kwa mkono, uzi mwekundu,
mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepotea njia:
kazi ya mtu asiye fundi,
aliyejichoma, akanyonya kidole, akaendelea.
Herufi zenyewe sikuweza kuzitamka.
Mkasi niliushika muda.

"Kuna kasoro?" akauliza Lushinge.
Nikamwambia hakuna. Elfu nne.
Na ukiifua, usiianike karibu na moto.