Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Santuri ilifika Walukuba ndani ya gunia la pamba,
imefichwa kati ya vipuri vya mashine za kufumia,
mwaka ule sukari ikipimwa Jinja kwa kijiko.
Baba alisema aliipata kwa jozi ya viatu.
Mama alisema viatu vyenyewe vilikuwa vyake.

Kwenye jalada, mtu amefumba macho,
nusu ya uso imeliwa na mchwa, jina pia.
Tukamwita Mgeni.

Na Mgeni hakuwa na haraka.
Besi ilizunguka noti nne, zile zile nne,
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani
na hataki kuamsha mtoto.
Kinanda kikatandika mkeka mmoja, kisiukunje.
Ndipo saksofoni ikaja, ikapiga goti juu yake,
ikauliza, ikauliza tena,
haikungoja jibu.

"Huyu anasali," alisema Bi Zamuda wa chumba cha sita,
akarudi kwake kutia udhu.
Katekista Opendi alisimama mlangoni, kofia mkononi,
chai yake ikapoa mpaka ikafanya utando.

Usiku mmoja wa amri ya kutotoka nje
buti zilipita barazani, zikasimama.
Mkono wa Baba uliwahi sindano, ukaikosa,
ukaivuta.
Buti zikaondoka. Mkwaruzo ukabaki:
upande wa pili, dakika ya saba.
Tangu hapo, Mgeni akifika pale
huruka,
huacha pumzi moja tupu,
hutua ng'ambo kama anayevuka mtaro wa maji machafu
na suruali yake ya Jumapili.

Tulikua na mruko huo.
Mama aliuingiza kiwandani, mashine namba arobaini na moja;
msimamizi alidhani ana kwikwi.
Oketcho, kaka yangu, aliupeleka bendi ya polisi,
akaruka katikati ya gwaride, tarumbeta ikimeta,
akakatwa mshahara wa wiki mbili.
Wajukuu wa Bi Zamuda hawajaiona santuri,
lakini wasikilize wakitwanga karanga:
nne, nne, nne, kimya,
nne.
Na mimi, watoto wa Mpumudde ninaowafundisha adungu
wananiuliza, mwalimu, hapo katikati tunasubiri nani?

Kiwanda kilifungwa. Gramafoni ikawa dawa za Mama,
kisha ikawa jeneza.
Santuri Baba hakuiuza. Ilining'inia msumarini,
nyeusi, kama saa iliyokatwa mishale.

Mwaka jana, Wandegeya, kijana muuza simu
alinisikia nikiguna zile noti, akacheka,
akagusa kioo mara tatu, akanipa visikizi.
Alikuwa yeye. Mgeni mwenyewe, ameoshwa,
hana vumbi wala punje ya mchanga.
Jina lake likaandikika kiooni; sikulisoma.
Nilikuwa nahesabu.

Dakika ya saba ikafika.
Hakuruka. Akapita palepale kwa miguu,
na ndani ya ile pumzi ambayo sisi tuliijaza
buti, na kwikwi, na karanga,
kulikuwa na noti tatu za chini, laini,
zimekaa humo miaka yote
bila kutujua.

Ni nzuri. Siwezi kusema si nzuri.
Lakini mguu wangu ulikuwa tayari hewani.