Nusu Nyota

Saa tano usiku, Winnipeg, theluji imeziba madirisha,
na Orest Wasylkiw bado kasimama nyuma ya kiti changu,
ananuka bisi na koti bichi.
"Mbili na nusu," asema. "Isizidi."
Lorna, mezani kwake, hata kichwa hainui:
"Tatu na nusu. Wewe ulisinzia."
"Nilifumba macho nisikie vizuri."
"Ulikoroma, Orest."

Miaka kumi na tisa wanaketi safu ya nne,
kiti kitupu katikati yao, cha makoti.
Lorna huandika gizani, mistari ikapandana;
Orest hutafuna kalamu tu.
Na filamu iliyomla mtu miaka sita
wao huipa inchi kumi na mbili za gazeti,
nane, likija tangazo la matairi.

Mimi ni mpanga kurasa. Sijaiona.
Najua tu kwamba herufi zetu hazina nusu nyota.
Mtambo unasubiri.
Nikaweka mbili.

Jumamosi nikalipa kiingilio, peke yangu.
Kuna mama, karibu na mwisho, anakunja shati,
analikunjua, analikunja tena. Basi. Hata muziki hakuna.
Nikabaki kitini mpaka majina yote yakapita,
hata la aliyewapikia.

Jumatatu Orest akapita mezani kwangu,
akaweka kahawa ambayo sikumwagiza.
"Lile shati," akasema, akaenda zake.

Kisanduku cha masahihisho, ukurasa wa pili,
kina nafasi ya maneno ishirini.
Nimeanza kuhesabu.