Mayai ya Julai

Debrecen, ghorofa ya chini, chumba cha tatu,
ambako kipasha joto kilikohoa kumshinda mzee Vadas.
Yeye ndiye aliyenikabidhi boksi la kwanza:
risiti zilizofifia, pini zilizoshika kutu.
Nilikuwa na shahada, kalamu nne za rangi
na viatu vya kuazima.
"Usimtafute mwizi, Piroska," akasema.
"Mwizi ni mtu, atakutia huruma.
Tafuta pale mkono ulipochoka kudanganya."

Miaka sita nilisoma usiku:
sheria ya ushahidi, kanuni za kodi,
namna ya kula kiapo bila kumeza mate.
Nikajua kwamba katika hesabu za kweli
moja hutangulia mara nyingi, tisa mara chache,
na anayebuni tarakimu
huzigawa kwa haki, kama mama agawaye nyama.
Haki hiyo ndiyo inayomchoma.

Wenzangu wa chuoni walikwenda Budapest,
wakapata magari.
Mimi nilipata miwani.

Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi niliyoikuta ilipotea ndani ya daftari,
safi, mistari imenyooka,
mihuri miwili, sahihi tatu.

Kisha likaja jiko la shule.
Bibi Etelka Somlai, mtunza vitabu,
miaka thelathini na moja kazini,
saba yake imefungwa mshipi kiunoni.
Alinimiminia chai, akanikatia keki ya cheri.
Ankara zilikuwa timamu: unga, viazi, maziwa, pilipili ya unga.
Siku nne sikuona kitu.
Siku ya tano theluji ilianguka
nami, kwa kuchoka tu, nikatamani jua,
nikafungua Julai.

Mayai. Elfu mbili na mia nne.

Julai shule imefungwa kwa kufuli,
watoto wako ziwani, wanaungua migongo.
Nani aliyala?

Sikupiga kelele. Kazi hii haina kelele.
Nilibandika kipande cha karatasi ya njano
nikaenda kunawa mikono.

Siku za mwizi arobaini? Nilizihesabu:
elfu tatu mia moja na saba,
ukiondoa Jumapili.

Mahakamani wakili aliniuliza kama nina hakika.
Nikamtajia ukurasa, nikamtajia mstari.
Etelka alinitazama, wala si kwa chuki;
kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake
amepata jibu kwa njia asiyomfundisha.
Paa la nyumba ya mwanawe, alikiri. Halafu dawa.
Halafu mazoea.
Mazoea ndiyo yaliyokula mengi.

Vadas alistaafu, akaniachia kiti na kile kikohozi cha ukutani.
Mlangoni sasa pana kibao, jina langu na cheo kirefu.
Vijana huja kuniuliza njia ya kufika hapa.
Nawapa boksi.

Mwaka jana kilifika kifurushi kisicho na barua:
chupa ya jamu ya aprikoti,
shingoni karatasi imefungwa kwa uzi.
Sukari, kiasi hiki. Kifuniko. Gesi.
Matunda: bure, ya bustani.
Na ile saba, na mshipi wake.

Nilijumlisha kabla ya kufungua.
Nikarudia, kutoka chini kwenda juu.
Ilikuwa sawa.