Kabla Gogo Halijagusa Ukuta

Kidato cha pili huwafundisha hivi:
Warumi walipouzingira mji walileta gogo
lenye kichwa cha chuma, wakaliita kondoo dume.
Kabla kondoo hajagusa ukuta, mdomo una kazi:
fungueni lango, tokeni mikono mitupu,
taja unachotoa, omba utakachobakiziwa.
Akishagusa, hakuna wa kusikiliza.

Watoto huandika. Mmoja, Ndekirwa, aliwahi kuuliza:
"Na waliokuwa ndani, nani aliwaambia hiyo sheria?"
Nikamjibu hilo haliji kwenye mtihani.

Leo Jumatatu, Mbokomu, saa moja kasoro.
Ukungu umeikalia migomba. Nimesimama
nje ya lango la kwetu, hukumu mfukoni, na muhuri wake.
Dalali wa mahakama amesema
greda litapanda kutoka Moshi mjini saa nne.
Ndani yumo Anaeli. Tumefuatana ziwa.
Siku ya kumi na tisa hii amefunga mnyororo;
mkewe amerudi kwao Uru,
ng'ombe analia, nadhani hajakatiwa majani.

Nimegonga bati kwa kidole kimoja.
"Umekuja na nani?"
"Peke yangu."
"Na greda?"
"Bado liko chini."
Kimya. Kisha: "Mfereji?"
"Zamu yako ya maji ni ileile."
"Kaburi la mama?"
"Haligusi mtu."
"Na kahawa niliyopanda mimi?"

Hapo nimechelewa kujibu.
Hukumu haikutaja kahawa.
Ni mimi niliyemwambia wakili asiitaje.

Kwetu jani la sale hubebwa na mwenye kosa.
Sijasoma popote kwamba mwenye jeshi
alilipeleka yeye. Lakini nimelichuma,
palepale mpakani tulipogombea miaka sita,
nimelifunga fundo, limelowa umande
na jasho la kiganja,
nimelisukuma chini ya lango.

Naziona kandambili zake, moja ya bluu,
moja imeshonwa kwa waya.
Jani hajaliokota.
Hajalikanyaga pia.

Na saa mbili haijafika,
huko chini, kwenye kona ya kanisa,
kitu kizito kinabadili gia.

"Anaeli, kahawa ni yako. Yote.
Taja kingine. Taja upesi, mdogo wangu."

Mnyororo umelia mara moja.
Pengine anaufungua.
Pengine anaongeza kufuli.