Mbuzi Sitini na Saba

Baasan wa soko la Narantuul amenitajia bei
bila kunitazama, kidole juu ya kifuniko cha rangi ya fedha
chenye tunda lililomegwa:
milioni mbili na laki nne, tugriki, taslimu.
Imetumika, anasema, ila na mtu wa mikono safi.

Nimerudi chumbani nikatoa daftari.
Mali bila daftari huisha bila habari;
yangu huisha habari zote ninazo.

Kilo ya manyoya laini, masika haya, laki na ishirini.
Mbuzi mmoja, akichanwa vizuri, gramu mia tatu.
Basi kompyuta ni kilo ishirini,
na kilo ishirini ni mbuzi sitini na saba,
na mbuzi sitini na saba ni mama
amepiga goti kwenye samadi kavu,
chanuo la chuma mkononi, pembe zimefungwa kamba,
saa nzima kwa kila mbuzi,
mpaka vidole vikatae kushika kikombe.

Hapo sijatia ada
ya kuruhusiwa kuingia duka lao:
mbuzi kumi wengine, kila mwaka, wazae wasizae.

Programu yenyewe ni ndogo.
Farasi akipotea, mwenyewe anaweka picha ya chapa,
anaandika bonde alikoonekana mwisho,
na jirani wa kilomita arobaini anaona.
Gantumur, kaka yangu, ndiye aliyeiomba
baada ya wiki mbili za kumtafuta yule wa kijivu.

Wenzangu wa hapa mjini wananiambia:
usijidanganye, wenye pesa wana tunda mfukoni,
na huwajengei bila mashine yao.
Wanasema kweli.
Ndiyo maana nimekasirika.

Nikampigia mama. Upepo ulikula nusu ya maneno.
"Hiyo mashine inakula nini?"
Umeme.
"Inazaa?"
Nikanyamaza.
"Baada ya miaka mitatu inauzika?"
Nikanyamaza zaidi.
"Sikukatazi," akasema. "Nauliza tu,
kama ninavyouliza kwa mnyama yeyote."

Ng'ombe haelemewi na nunduye, najua.
Lakini nundu hii ingekuwa yangu
na mgongo wake.

Kwa hiyo nilinunua kipande cha kumbukumbu,
gigabaiti nane, laki moja na arobaini,
nikakipachika kwa bisibisi ya kuazima,
na simu mbili kuukuu zenye nyufa,
za aina ile ile wanayobeba kwetu ndani ya makoti.
Mashine yangu ya zamani sasa inaamka.
Simu ya kuigiza, ile ya kwenye kioo,
huchukua dakika kumi na moja kufunguka:
nachemsha chai ya maziwa na chumvi,
nakunywa, naosha kikombe,
feni bado inakoroma.

Simu moja niliilaza nje ya dirisha usiku,
digrii kumi na nane chini ya sifuri.
Alfajiri ilikuwa maiti,
na jioni nilikuwa nimeiacha na asilimia sitini.
Nikaandika: punguza kila kinachokula betri.

Halafu mama akaijaribu kwenye simu yake.
Ikazimika mkononi mwake mara tatu.
Nafasi hakuna: ana picha elfu mbili za mbuzi,
kila mmoja kwa jina, wengine wamekwisha kufa,
na hafuti hata moja.
Kosa la kwanza, nikaandika. Si la kwake. La kwangu.
Hakuna kifuniko cha fedha kingenionyesha hilo.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mwenye busara.

Lakini jana Baasan amepiga.
Ameshusha laki mbili.
Mbuzi sitini na mmoja, na kama mguu wa mwingine.
Nimesema nitafikiri.
Daftari liko wazi mezani, kalamu juu yake,
na mama bado hajamaliza kuchana.