Ngao au Mlio

Ilula, basi la Dar likisimama
hatukimbilii mlango, tunakimbilia madirisha,
beseni la nyanya kichwani, mkono mmoja juu,
na dereva, kama kawaida yao, hazimi injini.

Abiria akichelewa kuhesabu, au akiwa na hila,
hutupa sarafu gari likishaanza kuondoka.
Mama hakuwa akitazama. Alisikiliza.
"Mia mbili," alisema, mgongo kaugeuza.
"Hiyo hamsini. Huyo katudhulumu."
Nami nilitambaa kwenye lami ya moto
nikaikuta hamsini kweli, imelala chali,
faru na mwanawe wakiliangalia jua.

Miaka kumi baadaye, Iringa mjini,
maktaba ya chuo, Julai, baridi ya kung'ata mifupa,
nimevaa sweta mbili, nimefungua kamusi
nzito kama tofali bichi
natafuta neno la mtihani. Sikulipata.
Nikakuta shilingi.

Kumbe si yetu. Hata Waingereza, ukienda mbali,
waliirithi kwa mababu waliokuwa wakisema lugha moja
na mababu wa Wajerumani, wa Waholanzi,
ukoo mmoja wa kaskazini kabla haujagawana mashamba.
Na hao waliitoa wapi? Wataalamu hawapatani.
Mmoja anasema neno lina mzizi wa kulia,
kulia kwa chuma, si kwa mtu:
kipande kinagonga jiwe, kinajitaja.
Mwingine anasema hapana, ni ngao,
ngao ndogo ya kukaa kiganjani.

Nilicheka peke yangu. Mkutubi, dada Myovela, akanikoholea.
Hoja ya kwanza mama angeithibitisha
macho kafumba, pale pale barabarani.

Ya pili ndiyo iliyoniweka kitini.

Nyumbani kwetu kulikuwa na ngao.
Ngozi ya ng'ombe, imekakamaa kama kisigino,
ya babu wa babu yangu, aliyeibeba
kwenye vita ambavyo shuleni tulifundishwa kwa tarehe.
Ilining'inia juu ya madumu ya ulanzi
hadi mwaka nilipofaulu kwenda sekondari.
Akaja mtu na gari, akaigeuza, akainusa,
akataja bei. Mama akasema, ongeza. Akaongeza.
Ukutani likabaki umbo lake, jeupe,
katikati ya moshi wa miaka yote ile.

Ada. Godoro. Viatu vyeusi, ndoo yenye kifuniko.
Ngao kubwa ikazaa vingao
na hakuna hata kimoja kilichomaliza wiki mbili.

Likizo nikamsimulia, neno kwa neno.
Alikuwa akichambua nyanya zilizopondeka.
"Hao wataalamu wako," akasema, "wameuza ngapi?"
Kisha, beseni limeshajaa nusu:
"Siku ile alinihesabia noti. Noti hazilii."

Sasa abiria wanalipa kwa simu.
Basi linaondoka, kitu kinatetemeka kwenye aproni yake,
anakitoa, anakisogeza mbali na uso,
anasoma polepole, midomo ikicheza.

Lakini jana sarafu ililia kwenye lami,
sijui ya nani, sijui kwa nini,
na kabla sijageuza shingo
alishasema "mia"
na alishainama.