Gego la Nereah

Ameirudisha imefungwa ndani ya risiti ya stima,
vipande viwili, vyeupe kama mahindi ya Kitale.
"Uliniambia hii ni ngumu kuliko chuma, Odipo."
Nilisema, kweli. Aprili, tukicheka.
Kumbe ndani ya nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe,
palikuwa na changarawe moja,
na changarawe haisomi karatasi ya dhamana.

Naweka kipande chini ya lenzi.
Nje, Kondele inapiga honi.
Ufa una chimbuko, kama mto:
naufuata nyuma, nyuma, hadi upande wa ndani,
na pale unapoanzia naona mkwaruzo
wa kekee yangu mwenyewe.
Siku ile kofia haikukaa sawa kwenye jino,
nilikuwa na haraka, nikaichokoa kidogo.
Kidogo tu.

Sikuwahi kumweleza zirkonia ni nini.
Ni unga kwanza, laini kama wa muhogo,
unaochomwa hadi nyuzi elfu moja na mia tano
ukanywea humo tanurini sehemu moja ya tano.
Ikipoa, kila chembe hutamani kugeuka umbo, kutanuka;
itria huishika mkono: ngoja, si sasa.
Basi chembe hungoja na pumzi kifuani,
miaka,
hadi ufa upite karibu.
Hapo mkono huachiliwa, chembe hufura,
zikaubana ufa huku na huku
kama mabega ya nyumba nzima mlangoni
usiku wa upepo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulikariri shuleni.
Hakuna aliyetuambia kuhusu ukuta
unaojizibia.

Lakini itria ina kiasi chake.
Ikipungua, chembe zote hugeuka siku ya kupoa
na unachopakua tanurini ni makombo.
Ikizidi, kofia hung'aa, mwanga unapenya,
wateja wa Milimani wanaipenda,
ila chembe zimetulia mno: ufa unapita katikati yao
na hakuna anayeinua kichwa.
Nereah nilimpa ile inayong'aa.
Alitaka kucheka bila kufunika mdomo
kwenye harusi ya bintiye.

Naanza upya: bonge jingine, lisilong'aa sana,
chembe ndogo zaidi. Kekee nimeifungia kabatini.
Napandisha joto polepole,
na saa tatu na robo usiku stima inakatika mtaa mzima.
Nakaa gizani nikilisikia tanuri likipoa kabla ya saa yake.
Hiyo nayo naitupa.

Ya tatu ndiyo iliyo kinywani mwake sasa,
pamoja na chai, mate, na ule uvuguvugu
ambao nao, taratibu, huzishawishi chembe zigeuke bure.
Sikumficha hilo.
"Itakaa miaka mingapi?"
"Mingi."
"Mingi si namba."

Vile vipande viwili nilivipeleka Kendu Bay
kwa shangazi, Min Ogalo, mfinyanzi,
ambaye husaga vigae vya vyungu vilivyokufa
akavikanda na udongo mbichi,
ili ufa ukikutana na kigae upotee njia.
Aliviweka juu ya jiwe lake la kusagia,
akaegemea kwa uzito wake wote.

Jiwe ndilo lililochubuka.

Akalipapasa kwa kidole gumba, akanitazama.
"Na hiki ndicho kilichovunjwa na nyoyo?"